Mkaguzi Anayesoma kwa Mdomo

Saa mbili na robo asubuhi, mashine za kiwanda kidogo cha vitabu bado zimelala. Katika chumba cha pembeni, chenye meza moja, viti viwili na dirisha lisilofungika vizuri, mwanamume wa miaka hamsini na minane anajifuta midomo kwa leso safi, kisha anainamia ukurasa mnene usio na hata tone la wino. Anaugusisha mdomo wa chini kwenye kona ya juu, kushoto, na kuanza kuutelezesha taratibu kuelekea kulia.

Mgeni asiyejua angeapa kwamba mzee anabusu karatasi. Wenzake nao waliwahi kudhani hivyo, wakacheka hadi machozi, kisha wakazoea.

"Thelathini na sita, alama ya kugawanya, nne," anasoma mwanamke aliyeketi mbele yake, kitabu cha wino mkononi.

Mzee ananyanyua kichwa. "Ipo. Thelathini na sita, si thelathini na tatu. Endelea, dada."

Mwanamke anamtazama kidogo kabla ya kuendelea. Hiyo thelathini na tatu ina kisa chake, nasi tutakifikia.

Mzee huyu ni mkaguzi wa vitabu vya wasioona, vile vinavyoandikwa kwa nukta nundu, zinazosomwa kwa kupapasa. Yeye mwenyewe haoni tangu surua ilipompitia akiwa na miaka sita. Amekaa kwenye kiti hiki miaka ishirini na saba, na kazi yake ni rahisi kuieleza, ngumu kuifanya. Msomaji husoma kitabu cha wino kwa sauti, pamoja na kila mkato na kila nukta. Mkaguzi hufuata kwa kidole kwenye karatasi ya majaribio. Akikuta kosa hasemi neno. Hugonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole: ngo, ngo.

Ndipo fundi wa mabamba, anayekaa chumba cha pili, hunyanyuka na nyundo yake ndogo kwenda kusawazisha nukta iliyozidi au kupiga iliyokosekana kwenye bamba la zinki linalochapa kurasa. Kwa kugonga huko, kiwanda kizima humwita mkaguzi Mzee Ngo-Ngo. Hata bosi, akimwandikia barua rasmi, huanza na jina lake la kuzaliwa kisha hukosea aya ya pili.

"Zamani nilikuwa namaliza kurasa sitini kwa siku," anasema Ngo-Ngo. "Sasa nikifika kumi na nne najipongeza. Lakini hizo kumi na nne nimezisoma mimi. Sikusomewa na mtu."

Maneno hayo ya mwisho anayasema polepole, na msomaji anakohoa kidogo.

Mambo yalianza mwaka juzi kwa uvimbe shingoni, mdogo kama punje ya mahindi. Mkewe ndiye aliyeugusa kwanza alipokuwa akimkata nywele. Miezi miwili baadaye ulikuwa umepata wenzake, na hospitali ikalitaja jina la ugonjwa: saratani ya tezi za limfu. Ngo-Ngo akapangiwa matibabu ya dripu, awamu nane, kila awamu baada ya wiki tatu. Hospitali iko mbali, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Alipungua kilo kumi na moja. Nywele zikaondoka zote, naye akamwambia mkewe: sasa umestaafu ukinyozi.

Uvimbe ulianza kusinyaa baada ya awamu ya pili. Nyumba ikapumua.

Baada ya awamu ya tatu, vidole vya miguu vikaanza kuwa kama vimevaa soksi zisizovulika. Kisha vya mikono. Asubuhi moja akashika ukurasa, akapitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kidole kilichomlea, kilichomsomesha, kilichomwoza kwa barua za mapenzi, na hakukuta kitu. Karatasi ilikuwa tupu kama meza.

"Nikadhani wamenipa karatasi isiyochapwa," anasimulia. "Nikaigeuza. Tupu. Nikajaribu kidole cha pili, cha tatu. Nikasikia jasho linanitoka mgongoni. Mtu mwingine akipofuka hupofuka mara moja. Mimi nilipofuka mara ya pili, na safari hii hakuna aliyejua."

Hakumwambia mtu. Kila alipofika hospitali, daktari wake, mwanamke mwenye sauti ya chini na haraka ya watu wenye foleni ndefu mlangoni, alimuuliza: "Vidole vipi, mzee? Vinakufa ganzi?" Naye akajibu, bila kupepesa: "Vizima, daktari."

Aliogopa jambo moja. Kwenye benchi la kungojea dripu alikuwa amemsikia mgonjwa mwenzake akisema kwamba ukilalamika mikono, wanakukatia dawa, na ukikatiwa dawa, uvimbe unarudi na hasira. Ngo-Ngo akapiga hesabu zake. Bila vidole hana kazi. Bila dawa hana uhai. Akaamua kuficha la kwanza ili asilipoteze la pili.

Mkewe hakudanganyika. Ni yeye aliyeanza kumfunga vifungo vya shati asubuhi, naye aliviona vidole vya mumewe vikitafuta tundu la kifungo mahali lisipokuwepo.

"Nilimwambia, baba watoto, mficha maradhi kilio humfichua," anasema mama huyo, mwenye kicheko cha karibu na ulimi usio na breki. "Akanijibu kwamba ni baridi. Baridi gani, na mimi nimekaa najipepea?"

Kazini aliokolewa na masikio. Kitabu kilichokuwa mezani kilikuwa cha hisabati cha darasa la nne, toleo jipya la kitabu alichokwisha kukikagua mara mbili miaka ya nyuma. Msomaji aliposoma, Ngo-Ngo aliutembeza mkono kwa mwendo uleule wa miaka ishirini na saba, akisimama kidogo penye mkato, akishuka mstari kwa wakati wake. Kidole kilitembea tu, akili yote ilikuwa masikioni. Msomaji aliponyamaza, yeye alisema: "Endelea."

Kwa siku kumi na saba za kazi, meza haikugongwa.

Mtu aliyefurahi kuliko wote alikuwa fundi wa mabamba. Ni mtu mfupi, mwenye mabega ya mbeba mizigo na moyo wa kususa, na kila ngo aliyosikia maishani aliichukua kama kofi.

"Siku ya kwanza nikasema, ni bahati," anaeleza fundi. "Ya tano nikasema, nimeanza kuiva. Ya kumi nikaenda dukani nikajinunulia kofia. Nilijua nimefika! Nikapita mbele ya chumba chao nimeivaa, nikamwambia Mzee Ngo-Ngo, vipi, mkono umechoka kugonga? Akacheka kidogo tu. Kumbe mlinzi amelala, na mwizi ni mimi mwenyewe."

Nakala mia na arobaini zikachapwa, zikapigwa muhuri na kupelekwa shuleni. Muhuri wenyewe ni kibamba kidogo kinachobonyeza mstari mmoja wa nukta kwenye ukurasa wa mwisho: Imekaguliwa. Mkaguzi wa pekee kiwandani ndiye huubonyeza, kwa mkono wake.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku chache kabla ya awamu ya sita ya dripu, simu ililia ofisini. Alikuwa mwalimu wa hisabati wa shule moja ya wasioona. Alisema kwa upole kwamba darasa lake limetumia kipindi kizima kugawa machungwa thelathini na tatu kwa watoto wanne, na limekwama kwenye chungwa moja. Wengine walitaka likatwe vipande, wengine walitaka apewe mwalimu. Majibu nyuma ya kitabu yalisema kila mtoto apate tisa.

Kitabu cha wino kilisema thelathini na sita. Kwenye bamba, nukta moja haikupigwa, na sita ikawa tatu.

Lakini mwalimu hakupiga simu kwa ajili ya chungwa. Alipiga kwa sababu ya mwanafunzi mmoja, msichana mdogo, aliyekuwa ameandika: nane, linabaki moja. Mwalimu alikuwa amemwekea kosa. Msichana akakataa. Alisimama mbele ya darasa na kitabu chake mkononi akasema: "Mwalimu, vidole vyangu havidanganyi." Mwalimu, ambaye macho yake ni mazima na alikuwa akifuata kitabu cha wino, akamwambia asome tena. Msichana akasoma tena, jibu lilelile. Akalia. Ndipo mwalimu alipochukua kitabu cha nukta akahesabu nukta moja moja kwa macho, na kumwomba mtoto radhi.

Bosi aliipokea simu kwa spika, na watu wanne walikuwepo chumbani. Ngo-Ngo alikuwa mmoja wao.

"Kila mtu alimgeukia fundi," anakumbuka msomaji. "Maskini alikuwa amevaa ile kofia. Halafu nikamsikia kaka yangu huyu anasema: mwacheni, si yeye. Mimi sijasoma hata ukurasa mmoja wa kitabu hicho."

Sauti ya Ngo-Ngo inashuka anapofika hapo. "Mtoto wa miaka kumi amevitetea vidole vyake mbele ya mtu mzima, akaonekana mwongo. Na vidole vilivyodanganya vilikuwa vyangu. Niliona aibu ambayo hata uvimbe haukunipa."

Alikwenda mezani kwake, akautoa muhuri kwenye droo, akauweka mbele ya bosi. Hakuna aliyekuwa amemwambia autoe. Kitabu kilirudishwa kutoka shuleni. Kilipopekuliwa kilikutwa na makosa kumi na moja.

Msomaji alimnunia wiki nzima. Wamekaa meza moja miaka tisa, wanaitana kaka na dada. "Kidole ningekisamehe siku hiyohiyo," anasema. "Kilichoniuma ni lile neno lake. Mimi nasoma mpaka koo linakauka, yeye ananiambia endelea, endelea."

Safari iliyofuata ya hospitali, daktari alipouliza vidole vipi, Ngo-Ngo alisema ukweli wote, pamoja na machungwa. Mkewe alikuwa pembeni, kwa ulinzi.

Daktari aliacha kuandika. Kisha, foleni au hakuna foleni, alisogeza kiti na kumweleza.

Alimwambia kwamba neva inayofika kwenye ncha ya kidole ni uzi mmoja mwembamba, unaoanzia karibu na uti wa mgongo na kuteremka mkono mzima. Ndani ya uzi huo kuna kiunzi: mirija midogo mno inayoushikilia uzi usilegee, na ambayo juu yake husafirishwa kila kitu ambacho ncha inahitaji ili iishi. Chakula cha ncha hupikwa huko juu na hupelekwa kwa safari ndefu. Seli ya saratani nayo inaihitaji mirija ya namna hiyohiyo ili igawanyike. Mojawapo ya dawa kwenye dripu yake kazi yake ni kuizuia mirija isijengwe. Seli mbaya hukwama hapo.

"Tatizo, mzee, dawa haina macho," daktari alisema. "Haijui huu ni uvimbe na hii ni neva."

"Hapo mimi na yenyewe tuko sawa," Ngo-Ngo akamjibu, na mkewe akamfinya.

Daktari akaendelea. Kiunzi kikiharibika, mizigo haifiki. Na ncha ikikosa mizigo hainyauki tu kwa upole. Ndani yake kuna vikataji vya asili, kama mikasi midogo, ambavyo siku zote vimelala. Hapo huamka na kuanza kukatakata kiunzi kilichobaki, na uzi hufa kuanzia nchani kurudi nyuma. Nyuzi ndefu hutangulia, kwa kuwa mizigo yake inatoka mbali. Ndiyo sababu miguu ilianza, mikono ikafuata.

Kisha akamwambia lile ambalo angemwambia miezi miwili kabla, kama angeulizwa. Kwenye dripu yake mlikuwa na dawa kadhaa, na inayosumbua neva ni moja. Ingepunguzwa au kutolewa, nyingine zingeendelea. Hakuna aliyekuwa na nia ya kumkatia matibabu.

"Nilitaka nicheke, nikashindwa," anasema Ngo-Ngo. "Nilikuwa nimevitoa vidole vyangu sadaka kwa maneno ya benchi."

Dawa ile ikatolewa awamu tatu za mwisho. Daktari alimtahadharisha kwamba ganzi inaweza kuzidi kidogo kabla ya kutulia, na kwamba neva hurudi kwa mwendo wa konokono, miezi, pengine miaka, na pengine zisirudi zote. Hakumwahidi kitu.

Wakati wanaaga, mgonjwa akiwa ameshika kitasa cha mlango, ndipo alipouliza swali ambalo daktari hakulitarajia.

"Umesema ndefu ndizo zinazotangulia. Na za mdomo je?"

"Za mdomo zinatoka hapo hapo kichwani. Ni fupi. Kwa nini?"

"Basi tu," akasema, akafungua mlango.

Jioni hiyo mkewe aliingia sebuleni akamkuta ameinamia ukurasa wa kitabu cha zamani, mdomo wa chini umebanwa kwenye karatasi. "Nikamuuliza, baba watoto, njaa au wazimu? Chakula kiko tayari!" Anacheka mpaka anashika ubavu. "Akaniambia nyamaza, kuna mtu hapa ananiambia kitu. Akasoma neno moja. Moja tu! Akatokwa na machozi, na mimi nikakaa chini nikalia naye. Halafu nikamwambia, miaka thelathini na moja ya ndoa, mimi sijabusiwa hivyo hata mara moja."

Mstari wa kwanza ulimchukua dakika kumi. Mdomo ulichubuka, shingo iliuma, ladha ya karatasi ilimfuata mpaka kwenye chai. Alijifunza kupaka mafuta usiku na kufuta asubuhi, kwa kuwa mdomo wenye mafuta huteleza juu ya nukta bila kuisikia. Alijifunza kwamba baada ya kula pilipili hakuna kazi. Kurasa anazosoma ni zake peke yake. Zikishakaguliwa huchomwa, na kwa agizo la msomaji, leso hubadilishwa kila siku.

Leo ni miezi tisa tangu dripu ya mwisho. Picha za hospitali hazionyeshi uvimbe. Mezani, kitabu ni kilekile cha hisabati cha darasa la nne, kilichopigwa upya tangu bamba la kwanza, na Ngo-Ngo yuko ukurasa wa tisini na nne kati ya mia mbili na kumi na mbili. Muhuri wake bado uko kwenye droo ya bosi, ambaye ameshamwambia mara mbili aje auchukue. Amekataa mara mbili.

Saa nne, vikombe vya chai vikishaondolewa, fundi anaingia na kipande cha karatasi. Kofia anayo, lakini ameishika mkononi. Huu ni mchezo wao wa kila siku. Kwenye kipande hicho amepiga nukta, kuanzia moja hadi sita, anavyopenda. Ngo-Ngo anaweka juu yake kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Sheria ni moja, na aliyeitunga ni msomaji: hakuna kumfariji. Akikosea anaambiwa amekosea.

Kidole kinakaa. Kinazunguka kidogo, kinarudi.

"Mbili," anasema.

"Tatu," anajibu msomaji.

"Zipo mbili hapa juu?"

Msomaji anachungulia. "Zipo. Umeikosa ya chini."

"Mwezi uliopita nilikuwa nakosa zote." Anaikunja karatasi na kuitia mfukoni mwa shati, ambalo vifungo vyake, anataka iandikwe, viwili vya juu amevifunga mwenyewe. "Kuna mtu anakuja, dada. Anatambaa, lakini anakuja. Asipofika, mdomo upo."

Mpango wake hauna mambo mengi. Anataka kukimaliza kitabu hiki, kila ukurasa, kwa mdomo au kwa kidole, kabla muhula ujao haujaanza. Siku hiyo ndipo atakapoufuata muhuri. Kisha atapanda mabasi hayo mawili, safari hii si ya hospitali, apeleke nakala ya kwanza shuleni kwa mkono wake, ampe yule msichana aliyesimama mbele ya darasa.

"Nitamwambia asome ukurasa ule wa machungwa," anasema. "Akisema ni sahihi, ni sahihi. Na nitamwambia kwamba siku ile hakukosea. Aliyekosea nilikuwa mimi, na nimekuja mwenyewe kumwambia."

Anafuta midomo kwa leso. Msomaji anafungua kitabu chake, fundi anarudi chumba cha pili na kukaa kwenye kigoda. Kazi inaendelea: kumi na nane, kujumlisha, saba. Arobaini, kutoa, kumi na mbili. Mdomo unateleza, unasimama, unarudi nyuma kidogo, unasimama tena palepale.

Msomaji ananyamaza, anangoja ile "endelea".

Ngo, ngo.

Katika chumba cha pili kigoda kinakwaruza sakafu. "Nakuja, mzee!" anaitika fundi, na nyundo tayari iko mkononi.